Kibano Kilichokwama: Shika Shafti Kwanza

Kibano cha mashine ya kukereza mbao kinapokwama kwenye shafti, karibu kila fundi huelekeza macho na mikono kwenye kibano chenyewe. Hutafuta spana ndefu zaidi, bomba la kuongezea mpini, nyundo nzito zaidi, au kijana mwenye misuli kuliko wote waliopo karakanani. Mwongozo huu unashikilia jambo tofauti: kinachoamua kama kibano kitatoka salama ni namna ulivyoishika shafti isizunguke nacho, kuliko nguvu unayoitia kwenye kibano. Vibano vingi vinavyosemwa vimeganda vikawa chuma kimoja na shafti havijaganda. Vimekazwa tu, na vingefunguka kwa mikono miwili kama nguvu ya mikono hiyo isingepotea kwenye mkanda unaoteleza, puli inayozunguka na fremu inayoyumba. Ukilikubali hilo, hatua za kazi hujipanga zenyewe, na nyundo hurudi mahali pake, karibu na mwisho.

Kwa fundi wa Chato jambo hili lina uzito wake. Wilaya hii ya mkoa wa Geita iko kwenye kona ya kusini-magharibi ya Ziwa Victoria, na shafti ya mashine ya kukereza ikipinda, au beringi zake zikifa, vipuri mara nyingi hutafutwa Mwanza au Dar es Salaam. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa kusubiri kivuko, lakini safari ya kwenda na kurudi bado ni siku ya kazi iliyopotea, na miguu ya kitanda cha mteja inabaki sakafuni ikiwa nusu imekerezwa. Ndiyo maana haifai kumwambia msomaji ajaribu kwa nguvu kisha aone. Kujaribu kwa nguvu bila mpango ndiko huvunja kile ambacho hakikuwa kimeharibika.

Tuanze na sababu, kwa kuwa dawa hutegemea ugonjwa. Kibano hufungwa kwenye shafti kwa nyuzi, nacho husimama kinapofika kwenye bega, yaani ule mduara bapa ulio nyuma ya nyuzi. Nyuzi hizo zimekatwa kwa upande ambao mashine ikizunguka, kibano kinachobakizwa nyuma na uzito wa mti kinazidi kujikaza. Huu ndio usalama wake, maana bila hivyo kibano kingejifungua na kuruka. Kerezo la zamani la mafundi wa pwani, lililozungushwa kwa upinde na kamba, halikuwa na shida hii hata kidogo: mti ulishikwa kati ya ncha mbili na ulizunguka mbele na nyuma, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kujikaza. Sisi tumepata mota na mwendo wa upande mmoja, na kukwama kwa kibano ni sehemu ya gharama yake. Angalia pia mteremko wa nyuzi zenyewe. Kwenye shafti yenye unene wa milimita 25, kibano husogea kama milimita 3 tu kwa kila mzunguko, huku ukingo wa shafti ukisafiri karibu milimita 78. Mteremko mdogo hivyo hugeuza nguvu ndogo ya kuzungusha kuwa mbano mkubwa sana kati ya kibano na bega.

Sasa hesabu ndogo itakayotuonyesha mkosaji. Mota ya wati 750, ambayo mafundi huiita ya nguvu ya farasi mmoja, ikiizungusha shafti mara 1,000 kwa dakika, hutoa nguvu ya mzunguko sawa na kuning'iniza uzito usiofika kilo 2 kwenye ncha ya spana ya sentimita 40. Ukipunguza mwendo hadi mizunguko 500, uzito huo haufiki kilo 4. Kama mota peke yake, katika kazi ya kawaida, ndiyo iliyokikaza kibano, basi mtoto wa shule angekifungua. Kwa kuwa watu wazima wanashindwa, lazima mkazo umetoka kwingine, na mahali pa kuutafuta ni patatu. Pa kwanza ni kunasa: ncha ya chombo inapozama ghafla kwenye mti, mti husimama huku shafti, puli na mota vikitaka kuendelea, na mshtuko huo wote hupita kwenye nyuzi. Pa pili ni kuwasha mashine kabla kibano hakijagusa bega. Shafti huanza kuzunguka, kibano kizito hubaki nyuma, kisha hukimbia kwenye nyuzi na kugonga bega kwa kishindo. Pa tatu ni uchafu na kutu: unga wa mbao uliogandamizwa kwenye bega, utomvu, na unyevu.

Kabla ya kugusa spana, jiulize ni ipi kati ya hizo. Kama kibano kilitoka vizuri wiki iliyopita na leo asubuhi chombo kilinasa, kimekazwa na mshtuko. Mafuta hayatakusaidia sana, kinachotakiwa ni wenzo mzuri. Kama kibano hakijatolewa kwa miezi, na umekuwa ukikereza mbao mbichi, fikiria kutu. Mikaratusi na miti mingi ya asili hubeba tanini, na maji ya mbao mbichi yakirushwa na mzunguko huingia nyuma ya kibano. Doa la bluu nyeusi unaloliona kwenye chuma na kwenye viganja ni tanini ikishikana na chuma. Ongeza hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa katika miezi ya mvua, na miezi michache inatosha. Hapo mafuta na muda ndivyo vitangulie, wenzo ufuate. Fundi anayetibu kutu kwa nguvu, au mkazo kwa mafuta, hupoteza nusu siku akidhani kibano kina shetani.

Hatua ya kwanza ni umeme, na hapa usikubali mjadala. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi kwenye soketi na uiweke mahali unapoiona. Hatari kubwa zaidi hutokea umeme unapokatika katikati ya kazi. Mashine husimama yenyewe, swichi ikiwa bado imewashwa, na fundi huona ni nafasi nzuri ya kushughulikia kibano wakati anasubiri. Spana imekaa kwenye shafti, mkono uko kwenye taya, umeme unarudi. Mashine yenye swichi ya kontakta haiwaki yenyewe umeme unaporudi, lakini mashine za kuundwa karakanani mara nyingi zina swichi ya kawaida ya ukutani, na swichi ya ukutani haijui mkono wako uko wapi. Plagi ikichomolewa, toa mti kwenye taya, ondoa kiegemeo cha chombo, na ufagie maranda yote chini na kuzunguka kichwa cha mashine.

Hatua ya pili huokoa watu wengi, nayo haihitaji nguvu: tafuta skrubu ya kufungia. Vibano vingi, hasa vya mashine zinazoweza kuzunguka kinyume, vina skrubu ndogo isiyo na kichwa, iliyozama kwenye shingo ya kibano na kuiuma shafti ili kibano kisijifungue. Hujaa unga na rangi hadi ionekane kama kovu kwenye chuma. Pitisha kidole kuzunguka shingo, safisha kila kishimo kwa msumari mwembamba, na kama ni skrubu ya pembe sita, ilegeze kabisa, si robo mzunguko. Kibano kilichofungwa kwa skrubu hiyo kikilazimishwa, skrubu hulima nyuzi za shafti, na hapo umegeuza tatizo la dakika 5 kuwa kazi ya fundi wa kukereza chuma.

Hatua ya tatu ni kujua upande, na wengi hukosea hapa kwa sababu ya kufikiri haraka. Kwa kuwa mashine hukikaza kibano kwa kuizungusha shafti huku mti ukibaki nyuma, kibano hufunguka kwa kuzungushwa upande uleule ambao mashine huzungukia, huku shafti ikiwa imeshikwa isisogee. Kwenye mashine ya kawaida, ukiwa umesimama mahali pako pa kazi, sehemu ya juu ya kibano inakuja kwako na sehemu ya mbele inashuka chini. Kama mashine ni ya kuundwa na hujui mota ilifungwa vipi, usibahatishe: kumbuka maranda yalikuwa yanarukia wapi, au tazama nyuzi zinazochungulia nyuma ya kibano na ufuate mteremko wake. Kibano kilichofungwa upande wa nje wa kichwa cha mashine, kule kwa kukereza vitu vipana, huwa na nyuzi za kushoto, na kila kitu hugeuka.

Sasa tumefika kwenye kiini. Shafti ishikwe wapi, na kwa nini? Kanuni ni kwamba nguvu isafiri njia fupi kabisa: itoke kwenye kibano, ipite kwenye nyuzi, iingie kwenye shafti, na papo hapo nyuma ya kibano ishikwe na kitu kinachoegemea kitanda cha mashine. Kila sentimita unayoiongeza kwenye njia hiyo ni mahali pa kuyumba, kujipinda kidogo na kula mshtuko. Ukishika mkanda kwa mkono, mkanda huteleza. Ukishika gurudumu la nyuma, shafti nzima hujisokota kabla nyuzi hazijasikia kitu. Na ukitumia pini ya kugawia, ile inayoingia kwenye matundu ya puli ili mti usimame kwenye nafasi ulizozipima, unaomba maafa. Hesabu yake ni rahisi. Ukisukuma kwa uzito wa kilo 30 kwenye ncha ya wenzo wa sentimita 60, na pini iko sentimita 4 kutoka katikati ya shafti, pini hiyo peke yake inabeba kilo 450. Hapo bado hujagonga kwa nyundo. Puli nyingi ni za alumini ya kumimina. Tundu hupasuka kwanza, pini hufuata, na kuanzia siku hiyo mashine haiwezi tena kugawa mduara kwa usahihi.

Tazama nyuma ya bega la shafti. Mashine nyingi za kununuliwa zina sehemu bapa mbili zinazotazamana, zilizochongwa hapo makusudi kwa ajili ya spana. Tafuta spana inayokaa bila kulegea. Ikilegea hata milimita moja itakula pembe, na pembe zikiisha umepoteza mshiko bora ulionao. Kama nafasi ni nyembamba kiasi kwamba spana ya dukani haiingii, kata ya kwako kwenye bamba la chuma la milimita 8 au 10, liwe na mdomo uliosawazishwa kwa tupa hadi uingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita hili si jambo la kuhangaikia. Mahali ambapo kuna makarasha ya kusagia mawe na pampu za kutoa maji mashimoni, kuna wachomeleaji, kuna magrenda na kuna mabaki ya mabamba. Vijana waliofundishwa ufundi wa vyuma kwenye chuo cha VETA Chato, kilichozinduliwa Januari 2021, wanajua kusawazisha mdomo wa spana kwa tupa kuliko wengi wetu tunavyofikiri. Mpini wa spana hiyo uelekee kwako na ulalie kitanda cha mashine, ukiwa umewekewa kipande cha mbao chini usikwaruze reli. Kibano kikisukumwa upande wa kufunguka, shafti itataka kufuata, na spana itajikandamiza kwenye kitanda. Huhitaji mtu wa kuishika.

Baadhi ya shafti hazina sehemu bapa ila zina tundu linalopita ubavu kwa ubavu. Hapo nondo ya chuma kigumu inayolijaza tundu hufanya kazi ileile. Shafti za mashine za kuundwa mara nyingi hazina kimoja wala kingine, ni chuma cha mviringo kilichokaa kwenye beringi mbili. Kwa hizo tengeneza kishikio cha mbao: chukua vipande viwili vya mbao ngumu, mninga au mkaratusi mkavu, vifunge pamoja na karatasi nene katikati, toboa tundu la unene wa shafti kwenye mstari wa kuunganika, kisha toa karatasi. Vipande vitashika shafti vikiwa na mwanya mdogo kati yao, na bolti mbili zitavikaza. Kimoja kiwe kirefu cha kutosha kuegemea kitanda cha mashine. Sehemu ya shafti utakayoshika isiwe ile ambapo beringi hukaa, maana alama ndogo hapo ni mtetemo wa kudumu. Na baada ya kibano kutoka, fikiria kuchonga sehemu bapa mbili kwa tupa nyuma ya bega, ukila kama milimita 2 kila upande kwa shafti ya milimita 30. Ni kazi ya jioni moja, na inaondoa shida hii kwa maisha yote ya mashine.

Shafti ikishikwa hivyo, upande wa kibano huwa mwepesi. Chagua ubao mgumu wa mraba wenye urefu wa sentimita 70 au 80, uweke ukikatiza katikati ya taya, ukaze taya barabara juu yake. Ubao ujitokeze pande zote mbili za kibano, ncha moja mbele yako na nyingine nyuma ya mashine, ili uweze kusukuma chini ncha ya mbele na kuinua ya nyuma kwa wakati mmoja. Nguvu mbili zinazopingana hivyo huzungusha bila kuipinda shafti. Nguvu moja upande mmoja huzungusha na kupinda kwa pamoja, na nusu ya ukaidi unaousikia ni beringi zikilalamika. Usiingize nondo kati ya taya tupu bila kuzikaza, kwa kuwa taya moja ndiyo itakayobeba yote na mfereji wake utapasuka. Sukuma taratibu kwanza, kwa uzito wa mwili na si wa mikono, ushikilie kwa hesabu ya kumi. Kisha legeza na usukume kwa mkupuo mfupi. Kibano kilichokazwa na mshtuko mara nyingi hutoka kwenye mkupuo wa pili au wa tatu, kwa mlio mmoja mkavu.

Hapa pingamizi kubwa linakuja, na lina haki ya kusikilizwa. Fundi mzoefu atasema: miaka yote tunapiga nyundo, na vibano vinatoka. Ni kweli vinatoka. Msuguano wa chuma kilichosimama huachia kwa urahisi zaidi ukishtuliwa kuliko ukisukumwa polepole, na nyundo ni mshtuko mtupu. Lakini ushahidi wa "vinatoka" unahesabu nusu ya matokeo. Beringi ya shafti imebebwa na gololi ndogo zinazogusa njia yake kwenye nukta ndogo sana. Pigo la nyundo upande wa kibano hupita moja kwa moja kwenye nukta hizo na kuacha vibonyeo ambavyo jicho halioni. Siku hiyo mashine inazunguka vizuri. Baada ya muda inaanza kunguruma, kisha miguu ya meza inatoka na mawimbi madogo ambayo msasa hauyamalizi, na hakuna anayekumbuka nyundo ya zamani. Lawama humwangukia aliyeuza beringi. Kwa hiyo tukubaliane hivi: mshtuko ni halali, mahali pake ndipo penye hoja. Shafti ikiwa imeshikwa na spana iliyolalia kitanda, gonga ncha ya ule ubao mrefu kwa nyundo ya mbao au ya mpira, kwa upande wa kuzungusha. Mshtuko utaishia kwenye nyuzi na kwenye spana. Usigonge mwili wa kibano, usigonge taya, na usiweke patasi kwenye ukingo wa kibano kuuchochea. Chuma cha kumimina hakipindi, hupasuka.

Pingamizi la pili ni la muda: mteja anasubiri, nani akate spana ya bamba? Jibu ni kupima muda wote, si wa leo tu. Spana hiyo hukatwa mara moja na hutumika kila kibano kikikwama, wakati njia ya nyundo na kijana mwenye nguvu huanza upya kila mara na kila mara hubeba uwezekano ule wa safari ya Mwanza. Na kwa anayekereza kwa mashine ya mtu mwingine, kwa makubaliano ya siku, hoja ina uzito zaidi, maana shafti iliyopinda mikononi mwake ni deni.

Kama mkazo ni wa kutu, usifike kwenye wenzo kabla mafuta hayajafanya kazi. Mafuta ya kupenya ya dukani ni bora. Dizeli hufaa ikikosekana. Weka kidogo kidogo kwenye mwanya kati ya kibano na bega, zungusha shafti kwa mkono nusu mzunguko, weka tena, na uache usiku kucha. Shafti nyingi zina tundu katikati. Kama lako linafika hadi ndani ya kibano, mafuta yanaweza kuingia pia kwa mbele, kati ya taya, yakanyonywa na nyuzi kutoka upande wa pili. Vua mkanda kwanza, kwa sababu mkanda ulioloa mafuta utateleza hadi uubadilishe. Asubuhi yake, kabla ya kusukuma upande wa kufungua, sukuma kidogo upande wa kukaza. Kutu huvunjika ikiyumbishwa, na tone la mafuta huingia kila inapovunjika.

Joto ni msaada mzuri na ni hatari. Chuma cha unene wa milimita 25 kikipata joto la nyuzi 80 zaidi, hutanuka kwa milimita 0.024 hivi. Ni kidogo kuliko unene wa unywele, lakini kutu haivumilii hata hiyo, mradi kibano kipate joto na shafti ibaki baridi. Kwa hiyo joto liwe la haraka na la nje: kitambaa kilichochovywa kwenye maji yanayochemka na kuzungushiwa kibano, kikibadilishwa mara mbili tatu, kisha sukuma mara moja kabla joto halijahamia ndani. Moto wa gesi wa mchomeleaji si wa kazi hii. Utaondoa ugumu wa taya, utayeyusha grisi ya beringi, na katika karakana yenye maranda na mafuta ya kupenya uliyoyamwaga jana utapata moto ambao hukuuomba. Ukitumia maji, kausha kila kitu baadaye na upake mafuta, vinginevyo umeitibu kutu kwa kupanda kutu.

Njia moja inayosifiwa sana nasema wazi kwamba isitumike: kuzuia kibano kwa gogo linaloegemea kitanda, kisha kuwasha mota kwa kinyume ili ikifungue. Wanaoitetea husema mota haichoki na ni ya bure. Lakini rudi kwenye hesabu ya mwanzo: mota yenyewe ina nguvu ndogo kuliko mtu mwenye wenzo wa sentimita 70. Kinachofanya njia hiyo ifanikiwe ni mshtuko wa kuanza, ambao huwezi kuupima wala kuuzuia ukishabonyeza swichi. Kibano kikiachia, kinazunguka kwenye nyuzi chenyewe na kuanguka, kilo kadhaa za chuma chenye taya, karibu na tumbo la mtu aliyesimama pale. Spana ya bomba nayo haifai mahali pa kwanza. Meno yake hula shingo ya kibano na kuibana hadi iwe yai, na kibano kilichobanwa huikaza shafti zaidi. Kama lazima ushike mwili wa mviringo, zungushia mkanda wa zamani wa gari, ulioshikizwa kwenye ubao, ujikaze wenyewe kadiri unavyovuta.

Ikiwa wenzo, mafuta na joto vimeshindwa kwa siku mbili, acha. Legeza beringi, toa shafti pamoja na kibano chake, uvipeleke kwa fundi wa kukereza chuma. Yeye anaweza kuishika shafti kwenye mashine yake bila beringi zako kuhusika, na kama hakuna njia, akikate kibano kwa uangalifu ili aokoe nyuzi za shafti. Kibano ni kitu cha kununua. Shafti ya mashine isiyo na jina mara nyingi haina mbadala ila kuchongwa upya.

Kinga ni nafuu kiasi kwamba inashangaza ni wachache wanaoifanya. Kila unapofunga kibano, futa bega na nyuzi kwa kitambaa kikavu, zungusha kwa mkono hadi kiguse bega, kisha kikaze kwa mkono kwa mguso mmoja, ndipo uwashe mota. Weka pete nyembamba ya plastiki kati ya kibano na bega, iliyokatwa kwenye dumu la mafuta ya kupikia, isiyozidi nusu milimita. Chuma na chuma haviumani tena, na mkazo wa mshtuko huachia kwa urahisi. Wapo wanaopinga kwamba pete huondoa unyoofu wa kibano, na wana hoja: plastiki yenye unene usio sawa itakiinamisha, na mti uliotolewa na kurudishwa hautarudi katikati. Kwa bakuli na kazi ya taya pekee ambayo haitoki hadi imalizike, tofauti hiyo huisha kwenye mpito wa kwanza wa chombo. Kwa kazi inayohitaji kurudishwa, tumia karatasi iliyopakwa nta badala ya plastiki, au fanya bila pete na uwe makini zaidi na usafi wa bega. Ukikereza mbao mbichi, toa kibano kila jioni. Ukikereza msindano mkavu, mara moja kwa wiki inatosha.

Kibano kilichokwisha kutoka kisirudishwe siku hiyohiyo bila ukaguzi. Piga nyuzi za shafti kwa brashi ya waya, kisha zungushia uzi wa katani wenye mafuta na uuvute mbele na nyuma ndani ya mifereji hadi utoke safi. Palipo na jino lililolala, liguse kwa tupa ndogo ya pembe tatu, jino hilo tu. Ndani ya kibano tumia mswaki wa zamani. Halafu kirudishe kwa vidole viwili: kinapaswa kwenda hadi kwenye bega bila spana. Kikigoma mzunguko mmoja kabla ya kufika, kirudishe nyuma na utafute unga uliobaki kwenye kona ya bega, kwa sababu hapo ndipo hujificha, na msumari ule uliosafishia skrubu ndio unaofika.